Kupanda Sandakphu kwa Land Rover ya miaka ya 1950: uzoefu wangu

Nimekulia Arusha, nyumba yenye Land Rover 109, ile ndefu, uani, na nilijua mlio wake kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipofika Darjeeling, mji wa India unaosifika kwa chai, mwezi wa Novemba, chai ningeinywa baadaye. Nilichotaka ni Manebhanjan, kamji kadogo mpakani mwa India na Nepal, ambako Land Rover Series I, zile za toleo la kwanza, bado zinapakia abiria hadi kilele cha Sandakphu, mita 3,636 juu ya usawa wa bahari. Zililetwa na Waingereza wa mashamba ya chai, wakaondoka wakaziacha, wenyeji wakazifanya za kazi.

Nianze na lililoniudhi, lisije likakupata na wewe. Wakala niliyemlipa Darjeeling aliniahidi Land Rover, asubuhi ikaja jipu ya kisasa. Nikakataa, nikapanda gari la kuchangia hadi Manebhanjan, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya chama cha wenye magari. Pale mambo yamenyooka: bei imepangwa, madereva wanatoka kwa zamu, mgeni unaandikisha pasipoti na safari inaanza. Ila useme mapema kwamba unataka ile ya zamani, maana jipu mpya zinazidi kuingia njia hii.

Zimeegeshwa kando ya barabara, na nilizizunguka karibu saa nzima. Taa zake zimekaribiana, ziko katikati kwenye wavu wa mbele, si kwenye madigadi kama 109 za mwisho tulizozizoea. Nilikuwa na sumaku kwenye funguo zangu. Nikaiweka juu ya digadi, ikateleza ikaanguka. Ni aluminiamu. Mwaka 1948 Land Rover ilipoanza kutengenezwa, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatumia aluminiamu, na ndiyo sababu bodi hizi zimevumilia mvua za milimani miaka yote hiyo bila kuliwa na kutu. Chesisi ndiyo ya chuma, na ya gari letu ilikuwa na viraka vya kuchomelea hadi nikashindwa kuhesabu.

Injini si ya kiwandani. Nyingi zimevalishwa injini ya dizeli ya Mahindra, ambayo spea zake zinapatikana India nzima. Wapo watakaosema gari limeharibiwa. Mimi naona hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa gari, kulitafutia moyo mwingine ili liendelee kufanya kazi.

Safari ni ya kilomita 31 hivi, na usiogope kwamba itakula siku nzima, ni saa chache tu. Lakini ni saa za kushikilia. Sehemu ya njia imemwagwa zege, kwingine ni mawe matupu, na baada ya kijiji cha Gairibas mlima unasimama mbele yako kama ukuta. Hapo dereva alisimama kabisa, akavuta ule wenzo mwekundu, akaingiza gia nzito, gari likaanza kupanda polepole, jiwe kwa jiwe, bila kuteleza hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye benchi la pembeni, magoti yamebanwa na mizigo, upepo ukipenya kwenye turubai. Mwenye matatizo ya mgongo asijaribu.

Kalipokhri, kwenye lile ziwa dogo la maji meusi, gari likachemsha. Dereva hakuharakisha. Alifungua boneti, akasubiri, akafunika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akaulegeza kidogo kidogo. Mpira wa maji ulikuwa unavuja penye kibano. Nikamwona anatafuta kwa macho, nikampa koleo kabla hajaomba. Akaniangalia, akacheka, akafunga waya mzunguko mmoja, miwili, akaukata. Hatukuwa na lugha moja zaidi ya neno "dai", ambalo kwa Kinepali ni kaka mkubwa, lakini kuanzia hapo nilikaa mbele.

Nenda Oktoba au Novemba, anga ikiwa safi. Wakati wa masika yao hifadhi ya Singalila, ambamo njia hii inapita, hufungwa. Beba koti zito. Lala juu, usirudi siku hiyohiyo.

Alfajiri watu wote walikuwa ukingoni wakitazama mlima Kanchenjunga, mita 8,586, ukigeuka kutoka kijivu kuwa waridi, na kushoto kwa mbali Everest imejipanga na Lhotse na Makalu. Niliutazama nami, nikashukuru. Kisha nikarudi kwenye gari. Dereva alikuwa ameliegesha mteremkoni tangu jana, boneti imefunikwa blanketi. Akalitoa, akalikunja, akanipa nilipakate. Akaachia handbreki, tukaserereka mita chache kimya kimya, akaachia klachi, likawaka.