Thule Yepp Maxi: kiti cha nyuma cha mtoto kwa mzazi anayeenda kazini kwa baiskeli

Mtihani wa kweli wa kiti cha mtoto ni asubuhi ya siku ya kazi mbele ya lango la chekechea: mkono mmoja umeshika usukani, mwingine unatafuta kifungo cha mikanda, na mtoto ndani ya sweta nene amechoka kusubiri. Karibu kiti chochote kinafaa matembezi ya siku moja ya mapumziko. Kitakachofungwa na kufunguliwa mara nne kwa siku, kinyeshewe, kipigwe jua na kubeba mtoto anayeongezeka uzito kila mwezi, hicho lazima uchague kwa makini. Thule Yepp Maxi inastahimili kazi hiyo vizuri, ila ina mipaka ambayo mnunuzi aijue kabla ya kutoa pesa.

Kimetengenezwa kwa sponji ngumu aina ya EVA, ile ile inayotengenezewa ndara. Faida yake utaiona mvua ikinyesha. Sponji hii hainywi maji, kwa hiyo unapitisha kitambaa na mtoto anakaa pakavu, ilhali kiti chenye mto wa kitambaa kikishalowa kitabaki na unyevu hadi jioni. Uji uliomwagika na matope ya viatu hutoka kwa maji na sabuni. Hata hivyo, jua kali huchemsha sehemu nyeusi za kiti chochote, basi ukiegesha juani kifunike kwa kanga au shati, na ushike kifungo kwa mkono wako kabla hakijagusa paja la mtoto.

Yepp Maxi huuzwa kwa namna mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Moja hushikwa na bano linalofungwa kwenye bomba la fremu lililo chini ya tandiko, nyingine hukaa juu ya keria. Pendekezo langu ni ya bano, ikiwa fremu inaruhusu. Kiti kinaning'inia juu ya gurudumu kwa vyuma viwili vinavyonesa, na kila shimo la barabarani humezwa na vyuma hivyo kabla ya kufika kwenye mgongo wa mtoto. Cha keria hakina mnesho huo, kwa hiyo mtikisiko wa gurudumu humfikia mtoto moja kwa moja.

Cha keria pia kinakutaka usome maandishi madogo. Keria iwe na upana wa milimita 120 hadi 185, na uzito inaoruhusiwa kubeba uwe umegongwa juu yake. Kiti kinaruhusu mtoto wa hadi kilo 22. Ongeza uzito wa kiti chenyewe, na keria iliyoandikwa kilo 25 itakuwa imezidiwa kabla mtoto hajafika kikomo chake. Tafuta ya kilo 27. Keria isiyo na maandishi yoyote usiitumie kubebea mtoto, hata ikionekana nene namna gani.

Kwa kiti cha bano, bomba la fremu liwe na kipenyo cha milimita 28 hadi 40. Huhitaji kifaa maalumu: zungusha uzi kwenye bomba, kisha uupime kwa rula. Uzi ukiwa kati ya sentimita 8.8 na 12.5, bano litashika. Bomba la yai au bapa halifai, kwa sababu bano litagusa sehemu chache tu na kuteleza. Fremu ya kaboni isifungwe bano kabisa, maana hupasuka kwa kubanwa. Fremu ndogo nazo mara nyingi hazina nafasi ya kutosha kati ya tandiko na mabomba mengine. Angalia vilevile waya wa breki au gia unaoshuka na bomba hilo. Bano likiukandamiza, gia zitaanza kuruka zenyewe au breki itakuwa nzito.

Kufunga ni kazi ya nusu saa kwa asiye na haraka. Safisha bomba kwa spiriti hadi mafuta yote yatoke, bandua stika, weka bano, kisha kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mshazari, ili mwanya wa pande zote mbili ubaki sawa. Ukimaliza boliti moja kabla ya kugusa nyingine, bano hukaa upande na baada ya siku kadhaa huanza kushuka. Dalili yake ni mgongo wa vyuma kugonga keria au madigadi unapopita kwenye tuta. Kiwango cha kukaza kimeandikwa kwenye maelekezo. Kama huna spana ya kupimia, mpelekee fundi mwenye nayo.

Kabla mtoto hajapanda, kandamiza kiti kwa nguvu zako zote ukiangalia kama vyuma vinagusa tairi. Kisha tafuta alama ya kitovu cha uzito iliyochorwa kwenye kiti: isiwe nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma kwa zaidi ya sentimita 10. Ikizidi hapo, gurudumu la mbele huwa jepesi mno na baiskeli hutaka kuinuka mlimani. Kiti kilalie nyuma kidogo, kamwe kisiinamie mbele, la sivyo mtoto atateleza na uzito wake kuishia kwenye mikanda. Rudia kukagua boliti baada ya safari chache za kwanza.

Mikanda inashika sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Iwe imekaza kiasi cha kuingiza vidole viwili tu, na urefu wake urekebishwe kila mavazi yanapobadilika, kwa kuwa mkanda uliopimwa juu ya koti huwa legevu mtoto akivaa fulana. Vikanyagio vya miguu hupanda na kushuka, na vina mikanda yake. Usiiruke mikanda hiyo ya miguu hata kwa safari ya dakika tano. Mguu mdogo ukiingia kwenye spoku za gurudumu linalozunguka huvunjika. Hatari nyingine iko mbele ya mtoto: tandiko lenye springi kwa chini hubana vidole vyake kila unapokaa. Zifunike springi hizo, au badilisha tandiko.

Watengenezaji wanataja miezi 9 kuwa umri wa kuanzia, lakini umri pekee hautoshi. Mtoto awe anakaa wima mwenyewe bila kuegemezwa na anahimili kofia ngumu kichwani. Nchi nyingine zina sheria yake juu ya umri, hivyo iulizie unakoishi. Mjaribu mtoto kitini akiwa na kofia yake. Kofia yenye nundu kisogoni husukumwa na mgongo wa kiti hadi kidevu kishuke kifuani, kwa hiyo chagua yenye kisogo bapa.

Udhaifu mkubwa wa Yepp Maxi ni usingizi. Mgongo wake haulali nyuma. Mtoto akisinzia jioni, kichwa huangukia upande, na mzazi hawezi kukishika huku anaendesha. Kama njia yenu ni ndefu na mtoto wako hulala mara tu gurudumu linapoanza kuzunguka, tazama kiti kingine kiitwacho Hamax Caress. Nacho hubeba hadi kilo 22 na hufungwa kwenye bomba la milimita 28 hadi 40, ila mgongo wake hulala hadi nyuzi 20 na urefu wake huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Gharama yake ni mto wa kitambaa unaochelewa kukauka. Kwa safari fupi ya chekechea ningebaki na sponji.

Baiskeli yenyewe itabadilika tabia. Breki zitahitaji umbali mrefu zaidi, basi kagua mpira wake kabla ya kuanza. Tairi la nyuma lijazwe upepo karibu na kikomo kilichoandikwa ubavuni. Huwezi tena kurusha mguu kwa nyuma, kwa hiyo fremu yenye bomba la mbele lililoshuka ni neema kubwa. Stendi ya mguu mmoja haitoshi. Tafuta ya miguu miwili inayofungwa katikati, na hata hivyo usimwache mtoto amekaa ukaondoa mkono. Apande mwisho, ashuke kwanza. Begi lisikae mgongoni mwako, litampiga usoni: litie kwenye kikapu cha mbele. Kukiwa na baridi, kumbuka wewe unatoka jasho naye amekaa tu anapigwa na upepo. Mwongezee nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe.

Ukishayaweka haya sawa, unapata kitu ambacho gari halitoi kwa urahisi. Mtoto yuko karibu na mgongo wako, anasikia unachosema na wewe unamsikia. Anataja mbwa, kreni na dimbwi la maji kwa mpangilio ule ule kila asubuhi, na mkichelewa mnajua mmechelewa kwa kiasi gani, kwa kuwa foleni haiwahusu. Mzazi anafika kazini damu ikiwa imeshachemka, na mtoto anaingia darasani macho yamefunguka.

Jambo moja dogo lina thamani kubwa kwa familia yenye baiskeli mbili: nunueni bano la pili. Kiti huchomoka kwenye bano bila kufungua boliti, na kina kufuli kuzuia wezi. Anayempeleka asubuhi akiacha kiti chekechea, anayemchukua jioni anakichomeka kwenye baiskeli yake. Chekechea nyingi hukubali zikiombwa.

Ukinunua kilichotumika, ulizia ufunguo wa kufuli na bano lenye boliti zake zote. Pinda sponji kuangalia nyufa karibu na matundu ya mikanda, na vuta kila mkanda kwa nguvu. Kiti kilichowahi kuanguka na baiskeli usikichukue, hata kikionekana kizima.