Kwa Vitz ya cc 996 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na kurudi: uzoefu wangu

Kabla sijaondoka, kila niliyemweleza kwamba nakwenda Mbeya kwa Toyota Vitz aliniuliza swali moja tu, kama kweli gari lile litaupanda mlima wa Kitonga. Sasa nimekwenda na kurudi, kilomita 1,660 na ushei, mimi na swahiba wangu tukipokezana usukani, na naweza kusema kwamba waliouliza waliuogopa mlima uleule ninaouogopa mimi leo, ila waliuogopa kwa upande usio wake.

Gari lenyewe ni la kizazi cha pili, kile kilichoanza kutengenezwa mwaka 2005, lenye injini ya silinda tatu na tangi la lita 42. Tulijaza mafuta Dar es Salaam jioni, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri ili Kibaha, Mlandizi na Chalinze tuzipite kabla foleni ya malori haijajipanga, na tulipojaza tena Mafinga, baada ya kilomita 580 hivi, tangi lilipokea lita 34. Hiyo ni wastani wa kilomita 17 kwa lita moja, tukiwa watu wawili na mabegi mawili, na kiyoyozi kikiwashwa mpaka Iringa tu, kwa kuwa kuanzia hapo baridi yenyewe inatosha. Kwa mafuta, sina la kulilaumu.

Kinachochosha ni kuyapita malori. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na ya Kongo, na sehemu kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa hiyo dereva wa gari dogo hujikuta nyuma ya tela tatu zilizofuatana huku basi likimhimiza kwa taa kutoka nyuma. Injini ya cc 996 haina pupa: ukikanyaga mafuta, husubiri kidogo kama mtu anayetafakari, kisha ndipo huanza kuvuta. Nilijifunza kuzima kiyoyozi kabla ya kutoka upande wangu, kuacha nafasi ya kutosha mbele ili nianze kuchukua kasi mapema, na kutolipita lori la pili kwa sababu tu la kwanza nimelipita salama. Kazi ya swahiba wangu, aliyekaa kushoto asikoweza kuona magari yanayokuja, ilikuwa kutazama vibao vya 50 na matuta ya vijijini, na nakiri kwamba jicho lake ndilo lililotuepusha na tochi za trafiki angalau mara mbili. Hifadhi ya Mikumi, ambayo barabara huikata kwa takribani kilomita 50, tuliivuka kwa mwendo wa 70 uliowekwa, tukaona twiga na pundamilia bila kulipa kiingilio, na hatukusimama.

Kitonga tulipanda kama saa sita mchana, tukitoka kwenye joto la mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Nilizima kiyoyozi, nikaweka gia nzito, na gari likapanda kona baada ya kona nyuma ya lori la saruji, kwa mwendo wa lori lile lile, wala mshale wa joto la injini haukusogea. Swahiba wangu, aliyekuwa amejiandaa kwa lita kumi za maji ya rejeta, aliyatumia kunawia uso.

Tuliyoyapata mbele tulijitakia wenyewe. Kilomita chache kabla ya Igawa tairi la nyuma lilipata pancha, na tulipofunua zulia la buti tukakuta tairi la akiba ni lile jembamba la dharura, tena halina upepo hata kidogo. Gereji iliyolihudumia gari wiki moja kabla ilikuwa imenihakikishia kwamba kila kitu kiko sawa, nami sikuchungulia. Swahiba wangu alipanda bodaboda akiwa amelipakata tairi kama mtoto, akarudi baada ya saa moja na nusu, limezibwa. Tuliingia Mbeya saa mbili usiku, viuno vikiuma, kwa maana viti vya mbele ni vifupi na havishiki mapaja ya mtu mrefu.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifundisha gari. Mwenyeji wetu wa Uyole alitupa gunia la viazi, Chimala tukanunua mchele kilo 50, na shangazi wa swahiba wangu akaomba tumfikishe Morogoro. Gari liliinama nyuma kiasi kwamba kila tuta lilitukwaruza chini, na ulaji wa mafuta ukapanda. Tulipoanza kuteremka Kitonga sikuweka gia nzito, nikategemea breki, kwa ujinga wa mtu aliyeuona mlima ule mwepesi wiki moja kabla. Katikati ya mteremko shangazi akasema kwa upole, “Wanangu, kuna kitu kinaungua.” Harufu ilikuwa ya breki zetu, na kanyagio lilikuwa limeanza kuzama chini kuliko kawaida. Nilisimama mahali palipopanuka pembeni, tukakaa dakika arobaini tukiyatazama malori yakishuka kwa gia nzito, polepole, moja baada ya jingine, kisha nikaingia nyuma ya mojawapo nikashuka kwa mwendo wake hadi chini. Shangazi hakusema neno tena mpaka Mikumi.

Kwa hiyo anayeniuliza kama Vitz inafaa kwa njia hii namjibu kwamba inafaa sana kwa watu wawili na mabegi yao, wasio na haraka; ukiongeza gunia, unaendesha gari jingine kabisa. Nimebadilisha vitambaa vya breki za mbele na kununua tairi la akiba la ukubwa kamili, ambalo limeinua sakafu ya buti na kula nusu ya nafasi yake. Mwenyeji wa Uyole nimemwarifu kwamba viazi vya mwakani vitakuja kwa basi.