Udaktari na sheria kwa ubia wa vyuo: tathmini ya mtu aliyepita humo

Nianze na uamuzi wangu kwa wale wenye haraka. Shahada ya udaktari inayotolewa kwa ubia wa vyuo viwili, au wa chuo kikuu na hospitali, naipendekeza kwa moyo mweupe, mradi wagonjwa wa kujifunzia wawepo wa kutosha. Shahada ya sheria ya ubia naipendekeza kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba shule hiyo ya sheria iwe imeingia chuo kikuu mzimamzima: walimu, maktaba, hesabu na vyeti. Kuazimana jina hakutoshi.

Mimi ni daktari, na shule niliyosoma ilianzishwa na vyuo viwili vilivyoamua kuwa na kitivo kimoja. Dada yangu ni wakili. Shule yake ya sheria ilikuwa inajitegemea alipoanza, ikachukuliwa na chuo kikuu kabla hajamaliza. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumekuwa wateja wa huduma hii pande zote mbili, na kila msimu wa kuomba nafasi wapwa na watoto wa marafiki hutupigia simu.

Sababu ya vyuo kufuata njia hii inaeleweka. Kitivo cha udaktari kinahitaji hospitali yenye wagonjwa wa kila namna, madaktari bingwa walio tayari kufundisha, maabara ya anatomia, na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundisha, inayochukua miaka kupatikana. Chuo kisicho na hivyo humtafuta mwenye navyo. Uingereza vyuo vya Hull na York vilifungua shule yao ya pamoja mwaka 2003, na mwaka huohuo Brighton na Sussex wakafungua ya kwao. Singapore iliikaribisha Duke ya Marekani, na mwaka 2005 ikazaliwa Duke-NUS, shule ya ubia wa Duke na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore (NUS). Cornell, nayo ya Marekani, ilianzisha tawi la udaktari Qatar mwaka 2001, na wahitimu wake wa kwanza, mwaka 2008, walipewa shahada ya Cornell yenyewe.

Nilichokipenda zaidi katika shule yangu ni kwamba hospitali ilikuwepo miaka mingi kabla ya kitivo. Wauguzi wakuu wa wodi walikuwa wameshalea vizazi vya madaktari wanafunzi wa vyuo vingine, na walijua kutufundisha bila kutudhalilisha. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa alalie ubavu wa kushoto ili sauti ya vali ya moyo inayovuja isikike. Kitabu kilikuwa kimeniambia hivyo hivyo, lakini mkono wake ndio uliokiweka kifaa changu mahali penyewe, na nikasikia. Kufundishwa namna hiyo hakuwezi kujengwa kwa miaka mitatu na chuo kipya, hata kikiwa na fedha nyingi kiasi gani. Ukiniuliza ada ililipia nini, nitakujibu ilimlipia muuguzi yule.

Kasoro ilikuja baadaye. Hospitali yetu iliingia mkataba na shule nyingine ya udaktari bila kuongeza wakufunzi. Raundi za asubuhi zikajaa. Kitanda kimoja kilizungukwa na wanafunzi wa vyuo viwili, kila mmoja akisubiri zamu ya kusikiliza kifua kilekile. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa vali, baada ya kusikilizwa na wengi mno, alifunga vifungo vya shati lake na kusema, "Wajukuu zangu, kwa leo imetosha." Alikuwa na haki kabisa, na tuliobaki tukaenda kusikiliza sauti hiyo kwenye kompyuta. Hakuna kipeperushi kilichowahi kutaja jambo hilo. Tangu hapo, kijana akiniuliza habari za shule ya udaktari ya ubia, namtuma aulize kwanza: hospitali hiyo inafundisha wanafunzi wa shule ngapi, na kundi moja la wodini lina watu wangapi?

Jambo la pili ni usalama wa mwanafunzi endapo ubia utayumba. Hapa udaktari uko mbele. Uingereza, baraza linalosimamia madaktari hulifuatilia kundi la kwanza la shule mpya hadi lihitimu, na shule hiyo hutakiwa kuwa na shule kongwe iliyokubali kuwapokea wanafunzi mambo yakiharibika. Hata ubia uliovunjika umevunjika kwa utaratibu. Vyuo vya Exeter na Plymouth vya hukohuko Uingereza vilianza kupokea wanafunzi wa shule yao ya udaktari ya Peninsula mwaka 2002. Mwaka 2013 kila kimoja kikawa na shule yake. Chuo cha Nanyang cha Singapore kilifungua shule ya udaktari na Imperial ya London mwaka 2013, na kuanzia kundi la mwaka 2024 kinatoa shahada yake peke yake, huku waliotangulia wakibaki na haki ya shahada ya pamoja. Mwanafunzi aliyeingia akiahidiwa majina mawili kwenye cheti atayapata mawili. Mimi naita hiyo huduma nzuri kwa mteja.

Sheria ni habari nyingine, na hapo ndipo ninaposisitiza masharti yangu.

Tazama Michigan, jimbo moja tu la Marekani. Mwaka 2014 chuo kikuu cha Western Michigan kilianza kupokea wanafunzi wa udaktari katika shule mpya iliyoshirikisha hospitali mbili za mji wa Kalamazoo. Mwaka huohuo jina lake likawekwa kwenye shule ya sheria ya Cooley, lakini Cooley ilibaki na bodi yake, fedha zake na ithibati yake. Mwaka 2020 wadhamini wa chuo kikuu walipiga kura kuuvunja ubia huo, na mwaka 2023 jina likaondolewa. Shule ya udaktari ingali inafundisha. Naona sababu iko wazi: upande wa udaktari kulikuwa na wodi zinazotumika kila siku, na upande wa sheria kulikuwa na jina kwenye lango. Kwenye jimbo hilohilo, chuo cha sheria cha Detroit kilijiunga na Michigan State mwaka 1995, kikahamia kampasi ya East Lansing mwaka 1997, kisha kikaendelea kusogea polepole hadi kikawa kitivo kamili cha chuo kikuu. Ilichukua zaidi ya miaka 20, lakini leo hakuna anayeuliza shule ile ni ya nani.

Mwaka 2013 Texas A&M ilinunua shule ya sheria ya Texas Wesleyan pale Fort Worth. Kwa wanafunzi waliofuata ilikuwa neema, kwani shule ilipanda haraka katika orodha za ubora. Waliohitimu kabla ya mauzo walibaki na cheti chenye jina la shule isiyokuwepo tena. Walipoomba vyeti vipya walikataliwa, na baadhi yao wakalifikisha dai mahakamani. Nawaelewa sana. Dada yangu hadi leo, akiomba kazi, huulizwa kwa nini jina la shule kwenye wasifu wake halifanani na lililo kwenye matokeo yake ya mwaka wa kwanza. Alipoenda kuomba barua ya maelezo, ofisi ya usajili ya shule ya sheria ilimtuma chuo kikuu, na chuo kikuu kikamrudisha shule ya sheria. Barua moja tu, yenye aya mbili, ingemwondolea usumbufu wa miaka.

Lakini yeye mwenyewe ndiye anayenikataza kuiponda shahada ile, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho shule yake isingekipata ingebaki peke yake: kliniki ya msaada wa kisheria ndani ya hospitali ya kufundishia. Wazo hilo lilianza Boston mwaka 1993, madaktari wa watoto walipochoka kuwatibu pumu watoto wanaorudi kulala kwenye vyumba vyenye ukungu ukutani, wakamleta wakili kliniki. Dawa inafungua mapafu, barua ya wakili inamfanya mwenye nyumba atengeneze paa. Dada yangu alikaa kwenye meza ndogo nyuma ya chumba cha kusubiri, karibu na mizani ya watoto, akiwa na mwalimu wake na mwanafunzi wa udaktari. Mama mmoja alimletea notisi ya kuhamishwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Waliisoma pamoja, wakagundua tarehe iliyoandikwa haikufuata sheria, na familia ile ikabaki mahali pake wakati mtoto akiendelea na matibabu. Wanafunzi wa sheria na wa udaktari walijifunza kesi moja kutoka kwa mtu mmoja, na kwangu hiyo ndiyo sababu halali ya chuo kikuu kutaka vitivo vyote viwili. Chuo kinachotangaza kuwa nacho sheria na udaktari, lakini wanafunzi wake hawakutani popote, kimenunua vitu viwili na kuviweka kabatini.

Alama zangu basi: udaktari wa ubia, nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa msongamano wa wodini. Sheria iliyounganishwa kikamilifu, nne. Sheria ya jina la kuazima, mbili, hata kama walimu ni wazuri, na mara nyingi ni wazuri.

Mpwa wangu aliye na nafasi mkononi sasa nimemwandikisha maswali manne ya kupeleka kwa vyuo vyote viwili: cheti kitakuwa na jina la nani, ithibati ni ya nani na inaisha lini, nani atanipokea ubia ukivunjika, na nitaanza kuonana na mgonjwa au mteja mwaka wa ngapi. Chuo kimoja kimejibu kwa barua yenye sahihi ya msajili, swali kwa swali. Kingine kimemtumia kipeperushi kilekile alichokuwa nacho. Fomu ameshaijaza ya kile kilichojibu.