Grisi ya gia za plastiki kwenye printa: ipi ununue, ipi uipite

Zipange mezani grisi tatu nyeupe bila lebo, ya silikoni, ya lithiamu na yenye PTFE, na hata fundi mzoefu atakisia tu. Tofauti huonekana zikishaingia kwenye printa. Moja itakaa kwenye meno ya gia na kufanya kazi yake kwa miaka. Nyingine itatambaa polepole mpaka kwenye kontakti za umeme. Iliyobaki, hasa ikiwa ya kopo la kupuliza, inaweza kupasua plastiki iliyo jirani. Kwa hiyo rangi isikudanganye. Hata yale maneno "salama kwa plastiki" mbele ya tyubu yasikutoshe, maana plastiki za ndani ya printa ni za aina nyingi.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mafuta yake ya msingi ni yapi? Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kigandishi ili yasitiririke, pamoja na viungo vichache vya kuzuia kutu na uchakavu. Jina kubwa kwenye lebo mara nyingi ni la kigandishi. Ukisoma "grisi ya lithiamu" umeambiwa habari za sabuni iliyoyashika mafuta. Hujaambiwa kama mafuta yenyewe ni ya madini, yaani yaliyosafishwa kutoka mafuta ghafi, au ni ya sintetiki. Jibu limo kwenye karatasi ya data, na kampuni makini huitoa bila kubembelezwa. Isipopatikana, mimi bidhaa hiyo huipita.

Kuhusu plastiki zenyewe: gia nyingi za printa ni za POM, inayojulikana pia kama asetali (Delrin ni mojawapo ya majina yake ya biashara), au za nailoni. Hizi mbili huvumilia mafuta ya aina nyingi. Wasiovumilia ni majirani zake: fremu, vifuniko na vishikizo vya ABS, polikaboneti au polisitireni. Plastiki hizo zinapokuwa chini ya mkazo, kwa mfano pale skrubu ilipobanwa, zikiguswa na kiyeyusho au mafuta yasiyozifaa hupata nyufa nyembamba ambazo huenda usizione mpaka kipande kikatike. Ndiyo maana haitoshi grisi iwe rafiki wa gia peke yake.

Kabla ya kutoa hela, sikiliza printa. Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo ule ule, tak, tak, tak, mara nyingi ni jino lililovunjika au gia iliyopasuka pale inaposhika shafti. Hakuna grisi itakayoliponya hilo; nunua gia. Mlio wa kulia au kusaga unaoongezeka printa ikipata joto ndio unaoweza kuwa ukavu. Lakini hata hapo usikimbilie kupaka. Gia nyingi hutoka kiwandani zikiwa kavu makusudi, kwa sababu POM na nailoni huteleza vizuri zenyewe. Chembe za tona, ule wino wa unga wa printa za leza, zina upana wa takribani mikromita 5 hadi 10, na vumbi la karatasi halikosekani. Ukiipaka grisi gia iliyokusudiwa kukaa kavu, vumbi na tona vitanasa humo na kugeuka msasa. Paka palipokuwa na grisi tangu awali, au panapoonyeshwa na mwongozo wa matengenezo wa mashine hiyo. Mwongozo ukitaja grisi kwa jina na namba, nunua hiyo, na orodha inayofuata hutaihitaji.

1. Sintetiki ya PAO

Hii ndiyo ningemshauri mtu anayetaka tyubu moja tu. PAO ni mafuta ya sintetiki yanayoelewana na karibu plastiki zote za printa, hayatambai ovyo kama silikoni, na hustahimili baridi na joto la kawaida la mashine. Kigandishi chake kinaweza kuwa sabuni ya lithiamu au silika; vyote sawa kwa kazi hii. Nyingine huongezewa PTFE, unga ule unaofanya vikaango visinate, nayo husaidia mahali gia zinapoanza na kusimama kila mara, kama ilivyo kwenye printa. Molykote EM-30L ni ya kundi hili, na ilitungwa kwa ajili ya plastiki kwa plastiki na plastiki kwa chuma. Super Lube yenye PTFE nayo imo, na ndiyo rahisi zaidi kuipata kwenye tyubu ndogo.

Angalia pia namba ya uzito, NLGI. Hupimwa kwa kuangusha koni kwenye grisi ya nyuzi 25 za Selsiasi na kuona imezama kiasi gani: namba 2 ni kati ya 265 na 295, kwa sehemu za kumi za milimita, na namba 1 ni 310 hadi 340. Kwa gia za printa chukua 1 au 2. Namba 0 ni laini mno, hushuka chini mashine ikipata joto. Namba 3 humlemea mota mdogo.

2. Silikoni

Kwa plastiki juu ya plastiki ni nzuri sana. Haiipasui ABS wala polikaboneti, na haibadiliki sana kati ya baridi na joto. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa na tabia ya kutambaa. Mafuta ya silikoni hutandaa juu ya kila kitu, na yakifika kwenye kontakti yenye cheche hugeuka kuwa silika, ambayo haipitishi umeme. Pia huvimbisha mpira wa silikoni, na rola ya kukandamizia ya fyuza, sehemu inayoyeyushia tona kwenye karatasi, mara nyingi imevikwa mpira huo huo. Chuma juu ya chuma nayo haikilindi vizuri. Inunue kama gia zako zinazozungushana kwa mfululizo ni plastiki tupu na iko mbali na umeme, kwa mfano kwenye trei ya karatasi. Kwingineko, rudi kwenye PAO.

3. PFPE

Kwa ubora wa kikemia, hii, yenye mafuta ya sintetiki ya florini, ingekaa juu ya zote. Krytox na Molykote HP-300 ni mifano yake. Haishambulii plastiki yoyote ya printa, haiungui kirahisi, wala haikauki. Nimeishusha hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni ghali kupita mahitaji ya gia za kawaida. Pili, haichanganyiki na grisi nyingine, hivyo lazima usafishe kila alama ya grisi ya zamani kabla ya kuipaka, kazi ambayo wengi huiruka halafu wakailaumu grisi.

Ila kwenye fyuza haina mpinzani. Joto la hapo hukaribia nyuzi 200, na sabuni ya lithiamu ya kawaida huanza kuachia mafuta kati ya nyuzi 180 na 200. Ukipaka grisi hiyo kwenye filamu ya fyuza, ule mkanda mwembamba unaozunguka humo, itatiririka na kuchafua kurasa. Filamu hiyo hutaka PFPE, na gia zilizo ubavuni mwake zitanufaika nayo pia. Tahadhari kwa wavutaji: nawa mikono kabla ya kushika sigara. PFPE na PTFE zikiunguzwa kwenye joto la sigara hutoa moshi wenye madhara.

4. Lithiamu nyeupe ya kawaida

Kwa kawaida ni lithiamu juu ya mafuta ya madini. Kwenye gia za POM na nailoni itafanya kazi, na kama huna kingine, ya tyubu inavumilika, mradi isiguse ABS wala mpira. Rola nyingi za kuvuta karatasi ni za mpira wa EPDM, na mafuta ya madini huuvimbisha. Ya kopo la kupuliza usiinunue kabisa. Ina viyeyusho vya kuifanya itoke kama mvuke, na huwezi kuielekeza mahali pamoja tu. Inafika kwenye sensa (vihisi vya mashine), kwenye klachi za sumaku-umeme na kwenye ngoma ya picha, ile silinda inayobeba taswira ya ukurasa.

Za kuacha dukani ni nyingi, nitazipita haraka. Grisi ya beringi za magari ina viungo vya kuhimili mizigo mizito ambavyo gia ndogo haina haja navyo. Zile nyeusi za molibdeni au grafiti huchafua karatasi, na grafiti hupitisha umeme. Hapa pana jambo la kuangalia: baadhi ya printa za leza zina grisi nyeusi kwenye ncha ya shafti ya ngoma au kwenye kontakti, imewekwa pale makusudi ili ipitishe umeme. Usiifute na kuweka nyeupe. Vaselini huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 60, joto ambalo printa yenye kazi nyingi inalifikia. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Na WD-40 ya kawaida, ile iliyotungwa mwaka 1953 kwa kufukuza maji, si grisi hata kidogo. Itaosha grisi iliyokuwepo na kukuacha na ukavu baada ya muda mfupi.

Pamoja na tyubu nunua pombe ya isopropili na vijiti vya pamba. Asetoni na petroli zisikaribie mashine. Futa grisi ya zamani yote, kwa sababu hata grisi mbili nzuri zenye vigandishi tofauti zikikutana zinaweza kulainika na kutiririka. Kisha paka kidogo, kiasi cha utando mwembamba kwenye meno machache, uzungushe gia kwa mkono mpaka ienee. Ukiona kidonge kimejikunja pembeni mwa meno, umezidisha. Kitoe, la sivyo kitarushwa kwenye sensa.

Mkebe mkubwa hauna faida. Tyubu ndogo au sirinji ya gramu 10 itahudumia printa nyingi, na sirinji ina ubora wa kufika kwenye gia ya ndani bila kuipaka fremu. Ukikuta mafuta kidogo yamejitenga juu, koroga uendelee kutumia. Yakiwa yamejitenga mengi na chini kumebaki kigandishi kigumu, tupa.