Seoul kwa miguu: uzoefu wangu kati ya makasri na maghorofa

Ukiniuliza uanzie wapi Seoul, nitakuambia ushuke kituo cha treni cha Gyeongbokgung, penye kasri la kifalme la jina hilo, asubuhi, kabla ya saa nne, uwahi kubadilishana kwa walinzi langoni. Kiingilio nililipa won 3,000, won ikiwa ni sarafu ya Korea. Aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Wakorea, huingia bure, ndiyo maana maduka ya kukodisha yamejaa mitaa ya jirani. Jumanne kasri hufungwa.

Wapo wanaolalamika kwamba kasri hili linaonekana jipya mno. Lilijengwa mwaka 1395, likateketea wakati wa uvamizi wa Wajapani wa 1592, likabaki magofu hadi lilipojengwa upya mwaka 1867. Wakoloni wa Kijapani wakabomoa tena sehemu kubwa na kusimamisha jumba lao la utawala ndani ya eneo lake. Wakorea waliling'oa jumba hilo miaka ya 1990, na tangu hapo wanarudisha walichonyang'anywa, boriti kwa boriti. Nilipolijua hilo, rangi mbichi ya mbao zile ilinigusa kuliko ukuta wowote wa kale.

Hata hivyo, kasri lililonikaa moyoni ni Changdeokgung. Gyeongbokgung limepangwa kwa mstari ulionyooka. Hili linafuata mikunjo ya kilima, na nyuma yake kuna bustani ya kifalme yenye mabwawa na miti mikubwa. Bustani ina tiketi yake, na idadi ya wageni ina kikomo, kwa hiyo weka nafasi mtandaoni mapema. Jumatatu hapafunguliwi. Inama utazame chini ya vyumba: utaona midomo ya meko. Moto uliwashwa pale, joto na moshi vikapita chini ya sakafu, watu wakalala juu yake wakati wa baridi kali. Wanaita ondol. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nilikanyaga sakafu yenye joto lile lile, ila sasa ni maji ya moto yanayopita kwenye mabomba, nawe unabonyeza kitufe tu.

Kati ya makasri hayo mawili kuna Bukchon, mtaa wa nyumba za mbao zenye mapaa ya vigae. Hapa napunguza nyota moja, kwa msongamano. Watu wanaishi humo, na sehemu yenye shughuli nyingi wageni wanaruhusiwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu. Sheria hiyo naiunga mkono.

Jioni teremka hadi kijito cha Cheonggyecheon. Palikuwa na barabara ya juu ya magari; jiji likaibomoa, na mwaka 2005 kijito kikafunguliwa upya katikati ya maghorofa. Kandokando yake unafika soko la Gwangjang, wanakokaanga chapati nene za choroko zilizosagwa. Tamu sana, lakini uliza kwanza, maana baadhi huchanganywa na nyama ya nguruwe.

Kwa Waislamu, nendeni Itaewon: msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976 uko juu kilimani, na mtaa unaopanda kuuendea una migahawa ya halali. Nauli haisumbui. Nunua kadi ya T-money dukani, tia pesa, uigusishe kwenye mashine ya treni au basi.