Uzoefu wangu na kliniki ya mkojo ya watoto: upasuaji wa figo kwa matundu madogo

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa kwamba figo ya mwanawe imejaa maji na sasa anatafuta pa kumpeleka. Kliniki ninayoizungumzia iko Dar es Salaam, ya daktari bingwa wa mfumo wa mkojo kwa watoto. Huduma yenyewe ilikuwa kurekebisha sehemu iliyobana pale figo inapoungana na mrija unaoshusha mkojo kwenye kibofu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo nimeangalia mambo ambayo wengi hawayaangalii. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye stenti, nitafika huko.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakukimbilia kupasua. Figo kujaa maji si lazima iwe imeziba. Watoto wengi wanaoonekana hivyo tangu wakiwa tumboni hupata nafuu wenyewe kadiri wanavyokua. Altrasaundi ya mtoto mchanga kwa kawaida husubiri zipite saa 48 tangu azaliwe, maana siku hizo mkojo ni kidogo na figo iliyojaa inaweza kuonekana nzima. Ila mtoto wa kiume aliyejaa figo zote mbili hasubirishwi, kwa sababu huenda ana vali zinazoziba njia ya mkojo.

Kwa mtoto mkubwa kuna mtego mwingine. Maumivu ya ubavu yanakuja na kutapika, mara nyingi baada ya kunywa maji au juisi kwa wingi, kisha yanaisha yenyewe. Nyumbani huitwa chango, zahanati wanampa dawa ya minyoo. Akipigwa altrasaundi siku asiyoumwa, figo inaweza kuonekana karibu ya kawaida, hasa kama kinachobana ni mshipa wa damu unaopita juu ya mrija. Kliniki hii humpa mzazi fomu ya altrasaundi akae nayo, ili maumivu yakianza aende kituo cha karibu saa hiyohiyo. Sijaona wengi wanaofanya hivyo.

Kipimo kinachoamua ni cha nyuklia, MAG3: mtoto hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, na picha huonyesha kila figo inafanya kazi kwa asilimia ngapi na inamwaga mkojo kwa kasi gani baada ya sindano ya furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo. Figo iliyoshuka chini ya asilimia 40, au inayopungua kila ikipimwa, ina sababu ya kupasuliwa. Vivyo hivyo maumivu yanayojirudia na maambukizi. Nusu ya ile dawa ya mionzi ikichukua zaidi ya dakika 20 kutoka, kuziba kunashukiwa sana. Lakini kipimo hiki hudanganya kirahisi. Mtoto aliyekaukiwa maji, au mwenye kibofu kilichojaa, anaweza kuonekana ameziba wakati hajaziba. Hakikisha amekunywa vya kutosha na amekojoa, na kama hawezi kujizuia awekewe mpira wa mkojo. Usikubali CT (eksirei ya kompyuta) iwe mbadala wa moja kwa moja: inaonyesha umbo vizuri, ila inaongeza mionzi na haikupi mgawanyo wa kazi ya figo kwa namna ileile.

Mkojo wa kuotesha wadudu, yaani wa kuangalia maambukizi, wasiukinge kwa mfuko unaobandikwa. Mfuko huokota vimelea vya ngozi, mtoto anaishia kupewa antibayotiki za bure au upasuaji unaahirishwa. Hapa walikinga mkojo wa katikati ukiruka, na kwa wachanga walitumia mpira. Damu ilipimwa wingi, kundi, kreatinini (ya kuonyesha kazi ya figo) na selimundu. Hicho cha mwisho ni muhimu kwetu, kwa kuwa mtoto mwenye selimundu anahitaji maandalizi yake ya maji, joto na oksijeni kabla ya dawa ya usingizi. Mwenye homa au kikohozi cha kifuani hurudishwa nyumbani, na wako sahihi.

Kufunga kula ndiko kunakoharibu ratiba nyingi. Upasuaji ukiwa saa mbili asubuhi, maziwa ya kopo na chakula chepesi mwisho ni saa nane usiku, maziwa ya mama saa kumi alfajiri, maji matupu saa kumi na mbili. Uji wa lishe wenye karanga si chakula chepesi hata ukiwa mwembamba. Mafuta yake hukaa tumboni, na daktari wa usingizi ataahirisha. Kosa la upande wa pili ni kumlaza mtoto na njaa tangu magharibi halafu akaingia wa mwisho. Uliza ni wa ngapi kwenye orodha.

Upasuaji wenyewe: mtoto analazwa ubavu, wanatoboa matundu matatu ya milimita 3 hadi 5, moja likiwa kitovuni, na tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo dogo. Kipande kilichobana kinakatwa, mrija unapasuliwa kidogo kwa urefu ili mdomo uwe mpana, kisha unashonwa upya kwenye figo kwa uzi mwembamba wa 5-0 au 6-0. Kama ni mshipa unaobana, mrija unahamishiwa mbele yake. Njia hii hufanikiwa kwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10, sawa na ya kupasua wazi. Nilipenda daktari aliposema waziwazi kwamba kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mkato mdogo wa ubavuni unamfaa karibu sawasawa, tena huchukua muda mfupi. Faida ya matundu huonekana zaidi kwa wakubwa. Mtoto akilalamikia bega siku ya kwanza, ni gesi iliyokera kiwambo cha kifua, itaisha.

Maumivu yalidhibitiwa kwa parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mwenye kilo 12 akitumia shira ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa bomba la sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni bila kumuuliza daktari wa figo hiyo.

Sasa stenti. Ni mrija laini unaoachwa ndani, ncha moja kwenye figo na nyingine kwenye kibofu, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Ikiwemo, mkojo wa rangi ya waridi, haja ndogo ya mara kwa mara na maumivu ya ubavu wakati wa kukojoa ni vya kawaida. Choo kigumu huvizidisha. Homa ya 38.5, tumbo kuvimba au mkojo kukoma, rudi usiku huohuo. Stenti iliyosahaulika miezi huota mawe, na kuitoa kunageuka operesheni nyingine. Kliniki hii iliandika tarehe ya kuitoa kwenye karatasi ya ruhusa tu, bila daftari la stenti wala simu ya kukumbusha. Karatasi hupotea. Tena makadirio ya gharama hayakutaja kwamba kuitoa kunahitaji dawa ya usingizi mara ya pili. Dai bei ya awamu zote mbili kabla ya kusaini, na kama una bima, kibali kitaje zote mbili.

Altrasaundi hurudiwa wiki 4 hadi 6 baada ya stenti kutoka. Figo bado itaonekana imetanuka, wakati mwingine kwa miaka. Kinachotazamwa ni kama imepungua ikilinganishwa na picha ya kwanza, kwa hiyo nenda na ile ya zamani. MAG3 ya kulinganisha ni baada ya miezi 3 hadi 6, na iombwe palepale ilipofanyika ya mwanzo.