Bunduki ya Misumari ya Sakafu: Kijitabu Hakijui Slabu ya Nairobi

Sikilizeni kwanza. Pa! Huo umeingia vizuri. Sasa huu wa pili... Pa-kling! Mmesikia kale kamlio ka mwisho? Hiyo ni ncha ya msumari imekutana na zege, na ndiyo sababu nimewasha kamera leo.

Hamjambo watazamaji, karibuni. Tuko Kileleshwa, fleti ya ghorofa ya tatu, tunalaza mbao za mvule za unene wa robo tatu inchi. Mashine yenyewe ni hii: bunduki ya misumari ya sakafu, ya hewa. Si ile ya fundi wa sofa, wala si ile ya kupigilia mbao za paa. Hii inakaa juu ya ubao, mguu wake unashika ukingo wenye ulimi, yaani ule ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, nawe unaipiga kichwani kwa nyundo ya mpira. Kinachosukuma msumari ni hewa. Nyundo yako inafungua vali tu, na pigo hilohilo linaubana ubao kwa mwenzake. Msumari unaingia kwa nyuzi 45 kupitia ulimi, ubao unaofuata unaufunika, na mwenye nyumba haoni kichwa hata kimoja.

Sijalipwa na mtu. Binamu yangu alinibebea kutoka Marekani, kilo tano na ushee ndani ya sanduku la nguo, na hajaacha kulalamika mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa kusoma kijitabu cha mashine na kukiamini. Kinasema ubao wa robo tatu, tumia msumari wa inchi 2. Ni kweli, huko kwao. Nyumba zao nyingi zina sakafu ya plaiwudi juu ya boriti za mbao. Ncha ikitokeza chini, inaning'inia hewani, haimsumbui mtu. Sisi ni slabu, sakafu ya zege. Hapa nimetandika karatasi ya nailoni, juu yake plaiwudi ya mm 18, basi. Hebu tupige hesabu. Msumari wa inchi 2 ukilala kwa nyuzi 45 unashuka kama inchi 1.4. Kutoka kwenye ulimi hadi chini ya ubao ni kama 0.4. Inabaki inchi nzima, na plaiwudi yetu ina inchi 0.7 tu. Zilizozidi zinakwenda wapi? Nailoni ikatoboka, na hiyo ndiyo inayozuia unyevu wa zege. Misumari mingine ikagoma kabisa, vichwa vikabaki vimesimama juu ya ulimi, ubao uliofuata ukakataa kukaa. Niling'oa safu mbili, mwenye nyumba amesimama pale mlangoni na kikombe chake cha chai, hasemi kitu. Afadhali angesema.

Dawa ni huu hapa, inchi moja na nusu. Unashuka 1.06, ukitoa 0.4 inabaki 0.66. Unaishia ndani ya plaiwudi, kwa unywele tu, lakini unaishia ndani. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si nguvu wala rangi ya mashine. Uliza: inakubali msumari wa inchi moja na nusu?

Swali la pili ni aina ya msumari. Sogeeni muone. Huu ni bapa, geji 16 (geji ni kipimo cha unene), una meno ubavuni na kichwa kilichokunjwa kama herufi L. Upo wenye kichwa cha T pia. Na hii ni pini ya miguu miwili, geji 15.5, kama ya stepla ya ofisini iliyokula ugali. Mashine yangu inakubali zote tatu. Pini inashika sana, ila kwenye mbao ngumu miguu miwili inaweza kupasua ulimi. Kwa mvule mimi natumia huu wa meno, sina mjadala.

Na tafadhali, nunua misumari pamoja na mashine. Nimezunguka Kirinyaga Road, nikashuka hadi Enterprise Road, na kila duka nililoingia nilitolewa pini za sofa. Ukipiga kila inchi 8 hadi 10, na ubao una upana wa inchi 3, kadiria misumari 60 kwa mita moja ya mraba. Boksi la 1,000 halimalizi sebule kubwa.

Kompresa, yaani mashine ya kujaza hewa, msiibebe kutoka Marekani. Yao ni ya volti 120, stima yetu ni 240. Itatoa moshi kabla ya kutoa hewa. Hii ya lita 50 niliinunua hapahapa, inatosha. Ila tazameni kiungo cha paipu. Cha Marekani kina nyuzi za skrubu 18 kwa inchi, hiki chetu kina 19. Ukifunga, kinazunguka kidogo kinakwama, hewa inavuja ssss mchana kutwa. Usikilazimishe kwa spana. Badilisha kiungo cha mashine.

Presha, anza na psi 80 kwenye kipande cha kutupa. Kichwa kikibaki juu, ongeza kidogo kidogo, usipite 100. Ulimi ukipasuka, punguza. Asubuhi matone mawili ya mafuta ya mashine za hewa kwenye mdomo wa paipu. Mafuta ya gari yaacheni kwenye gari.

Safu mbili tatu za ukutani mashine haifiki, nyundo haina pa kurukia. Hizo nimetoboa kwa drili na kupigilia kwa mkono, nikaacha mwanya wa robo tatu inchi ukutani ili mbao zipate pa kutanukia mvua zikija. Mbao zenyewe zilikaa kwanza humu chumbani wiki mbili bila kuguswa, zizoee hewa ya humu. Mwenye nyumba aliniuliza mara nne kwa nini siendelei na kazi.

Haya, kompresa imejaa. Kijana, vaa miwani kwanza. Nipe ule ubao mrefu, tuendelee na safu ya nne.